Moyo baada ya kemo: namna ya kuufuatilia miaka mingi baada ya matibabu

Mtu anamaliza kemo, nywele zinaota, hamu ya kula inarudi, kliniki ya saratani inamwambia aje mara moja kwa mwaka. Miaka saba baadaye anapanda ngazi alizozizoea na pumzi zinamwishia katikati. Akienda hospitali anaambiwa ni pumu, au uzito, au umri. Hakuna anayemuuliza kama aliwahi kutibiwa saratani, na kwa kuwa yeye mwenyewe haoni uhusiano wowote, hasemi.

Baadhi ya dawa za saratani huumiza moyo bila mgonjwa kuhisi chochote, na matokeo yake yanaweza kuonekana baada ya miezi michache au baada ya miaka ishirini. Wengi waliopata dawa hizo hawatapata tatizo la moyo. Kwa hiyo habari hii isikunyime usingizi, na kama bado uko kwenye matibabu, isikufanye ukwepe dripu inayofuata: saratani iliyoachwa nusu njia ni hatari ya leo, moyo ni hatari inayoweza kufuatiliwa. Lakini inafuatiliwa na nani? Daktari aliyekupa kemo huenda hutamwona tena, na daktari wa miaka kumi ijayo hajui lolote kuhusu dawa ulizopewa. Anayebaki ni wewe, na makaratasi yako.

Hatua ya 1: Jua ulipewa dawa gani hasa

Kusema "nilipata kemo" hakumsaidii sana daktari wa moyo. Dawa za kemo ni nyingi, na si zote zenye rekodi mbaya upande huo. Zinazoongoza kwa madhara ya baadaye ni kundi la antrasaiklini: doksorubisini, epirubisini, daunorubisini na idarubisini. Kwenye faili ni rahisi kuzitambua kwa sababu majina yote manne huishia na herufi rubicin. Kama jina limekutoka, pengine rangi hujaisahau. Doksorubisini ni nyekundu ndani ya bomba la sindano, na mkojo huwa mwekundu kwa siku moja au mbili baadaye. Wagonjwa wengi huiita tu "ile dawa nyekundu". Hutumika kwa saratani ya matiti, limfoma (saratani ya tezi), leukemia (saratani ya damu), sarkoma (saratani ya mifupa na misuli), na saratani nyingi za watoto. Mitoksantroni, ambayo ni ya buluu, huumiza moyo kwa namna inayokaribiana na hizo.

Kinachotokea ni hiki. Dawa hizi hushambulia kimeng'enya ambacho seli ya saratani hukitegemea kufungua na kufunga nyuzi za DNA. Seli za moyo nazo zina kimeng'enya cha aina hiyo hiyo, nacho hunaswa. DNA inakatika, mitokondria zinazotengeneza nishati zinaharibika, baadhi ya seli zinakufa, na seli za msuli wa moyo karibu hazizaliwi upya. Moyo uliopungukiwa seli unaendelea kusukuma damu kwa kujikaza, wakati mwingine kwa miaka mingi, mpaka mzigo mwingine uongezeke: presha, ujauzito, unene, uzee. Ndiyo maana dalili huja kwa kuchelewa, na ndiyo maana watu hawazihusishi na kemo.

Angalia pia kama ulipata hivi:

- Mionzi ya kifua. Hii huathiri mishipa inayolisha moyo, vali zake, na mfuko unaouzunguka, mara nyingi miaka kumi hadi ishirini au zaidi baada ya tiba. Waliotibiwa limfoma ya Hodgkin na saratani ya titi la kushoto waangalie kwa makini zaidi. Mionzi pamoja na antrasaiklini ni mchanganyiko mzito kuliko kimoja peke yake.
- Trastuzumabu, kwa saratani ya matiti yenye HER2 kwa wingi (protini inayochochea seli za saratani kukua). Hupunguza nguvu ya moyo wakati wa tiba, ila mara nyingi nguvu hiyo hurudi dawa ikisimamishwa.
- Sisiplatini. Tatizo lake liko zaidi kwenye mishipa ya damu na presha, na limeonekana sana kwa wanaume waliotibiwa saratani ya korodani.

Fluorourasili na kapesitabini zinaweza kubana mishipa ya moyo na kuleta maumivu ya kifua, lakini hilo hutokea siku zile zile za dawa. Kama unazitumia sasa na kifua kinauma, piga simu leo hii.

Hatua ya 2: Tafuta dozi yako ya jumla

Ukiniuliza, hii ndiyo hatua ya maana kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Kwa antrasaiklini, hatari hupanda kadiri dozi zinavyojumlishwa katika maisha yako yote. Moyo haufuti hesabu ya nyuma. Dozi ya mwaka ule wa kwanza na dozi ya saratani iliyorudi miaka tisa baadaye huhesabiwa pamoja.

Kipimo chake ni miligramu kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mgonjwa wa saratani ya matiti aliyepewa doksorubisini 60 kwa mizunguko 4 ana jumla ya 240. Mgonjwa wa limfoma aliyepewa 50 kwa mizunguko 6 ana 300. Uchambuzi wa majaribio matatu uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba moyo kushindwa kufanya kazi ulitokea kwa karibu asilimia 5 ya wagonjwa waliofikisha 400, asilimia 26 waliofikisha 550, na asilimia 48 waliofikisha 700. Dozi za siku hizi kwa kawaida huishia chini ya hapo. Hata hivyo hakuna namba iliyo salama kabisa, na kuanzia 250 madaktari huanza kumhesabu mtu kuwa kwenye hatari kubwa hata bila kitu kingine.

Usijumlishe miligramu za dawa tofauti kana kwamba ni kitu kimoja. Epirubisini ni nyepesi kidogo kwa moyo kwa kila miligramu, mitoksantroni ni nzito mara kadhaa. Mwachie daktari au mfamasia wa saratani azigeuze. Kazi yako ni kuwa na namba za asili.

Nenda hospitali iliyokutibu uombe muhtasari wa matibabu. Usikubali barua inayosema tu "alimaliza kemo na anaendelea vizuri". Unataka karatasi yenye aina ya saratani na mwaka, jina la kila dawa, dozi ya jumla ya kila antrasaiklini, sehemu iliyopigwa mionzi na kiasi chake kwa grei (kipimo cha mionzi, huandikwa Gy), na majibu ya vipimo vya moyo vya kabla na baada. Kama faili limepotea, uliza famasia ya hospitali, maana daftari la dawa za saratani mara nyingi hutunzwa kivyake. Barua za kuruhusiwa kutoka wodini na madai ya bima navyo huwa na majina ya dawa. Ukiipata karatasi hiyo, ipige picha na umpe nakala mtu mmoja unayemwamini.

Aliye bado kwenye matibabu ana bahati hapa: aombe muhtasari kabla ya siku ya mwisho ya dripu, wakati faili liko mezani. Na aulize mambo mawili. Je, alipimwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kabla ya kuanza? Na kama dozi itakuwa kubwa, kuna haja ya deksrazoksani, dawa inayotangulia antrasaiklini kuulinda moyo, au ya doksorubisini iliyofungwa ndani ya liposomu (vifuko vidogo sana vya mafuta), ambayo ni pole zaidi kwa moyo?

Hatua ya 3: Jipime uko kundi gani

Dozi si kila kitu. Hatari huongezeka kama ulitibiwa ukiwa mtoto, hasa mdogo sana, au ukiwa umepita miaka 65. Kama ulikuwa na ugonjwa wa moyo kabla. Kama una presha, kisukari, unene au unavuta sigara. Miongoni mwa waliotibiwa utotoni, wasichana huathirika zaidi kuliko wavulana. Presha naitaja kwa mkazo, kwa kuwa moyo uliokwisha kuguswa na antrasaiklini huvumilia presha vibaya mno.

Hatua ya 4: Pima, hata kama hujisikii chochote

Kipimo kikuu ni eko. Haina mionzi wala sindano. Unavua nguo za juu, unalala ubavu wa kushoto, unapakwa jeli ya baridi, na mpimaji anasogeza kifaa kati ya mbavu huku akikuambia toa pumzi, ishikilie hapo hapo. Huchukua karibu nusu saa au zaidi kidogo. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eksirei ya kifua zina kazi zake, lakini zinaweza kutoka safi ilhali moyo umeshaanza kudhoofika, kwa hiyo zisichukue nafasi ya eko.

Kwenye majibu tafuta herufi EF au LVEF. Ni asilimia ya damu ambayo chumba kikuu cha moyo husukuma nje kwa pigo moja. Hata moyo wenye afya hautoi damu yote. Kati ya 55 na 70 ni kawaida. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mtu aliyeanza na 68 akashuka hadi 56 ataandikiwa "kawaida", na neno hilo ni sahihi kwa siku hiyo, ila mteremko wa pointi 12 unastahili kujadiliwa. Ukishuka kwa pointi 10 au zaidi na kuishia chini ya 50, hilo ni tatizo rasmi hata bila dalili. Kwa hiyo chukua ripoti nzima, andika namba na tarehe, na kila ikiwezekana rudia kipimo mahali pale pale, kwa sababu mashine na wapimaji hutofautiana kwa pointi kadhaa.

Kama hospitali ina uwezo, omba pia kipimo cha mnyumbuko wa msuli wa moyo, kinachoandikwa GLS. Hicho huonyesha udhaifu kabla EF haijaanguka. Kikishuka kwa zaidi ya asilimia 15 ya kile cha mwanzo, ni onyo. Vipimo vya damu vya troponini (huonyesha seli za moyo zilizoumia) na BNP (huonyesha moyo uliolemewa) husaidia, hasa wakati wa matibabu.

Lini upime? Mwongozo wa jumuiya ya madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2022 unapendekeza waliopata antrasaiklini wapimwe ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, na walio kwenye hatari kubwa wapimwe mwezi wa 3 na wa 12. Baada ya hapo walio kwenye hatari kubwa warudie mwaka wa 3 na wa 5, kisha kila miaka mitano. Waliotibiwa utotoni kwa dozi kubwa wanashauriwa kupimwa mara nyingi zaidi, kila miaka miwili, tena maisha yote. Presha, sukari na mafuta ya damu viangaliwe kila mwaka kwa kila mtu.

Mwaka wa kwanza usiuchezee. Mwaka 2015 watafiti wa Milan, Italia, walichapisha matokeo ya wagonjwa 2,625 waliopata antrasaiklini na kupimwa mara kwa mara. Asilimia 9 waliharibika moyo, na karibu wote, asilimia 98, waligundulika ndani ya miezi 12 ya kwanza. Maana yake ni kwamba dalili za mwaka wa nane mara nyingi ni mwisho wa jambo lililoanza mapema, ambalo mashine ingeliona.

Hatua ya 5: Zijue dalili, na usizitafutie visingizio

Kuna uchovu wa kawaida baada ya kemo, na unaweza kudumu miezi. Tofauti ni mwelekeo. Uchovu wa kemo hupungua polepole. Wa moyo huongezeka. Chagua shughuli moja unayoifanya kila wiki, mfano ngazi zile zile au kilima kile kile, na uangalie unafika na hali gani. Ukianza kusimama mahali ambapo mwezi uliopita hukusimama, hiyo ni taarifa.

Nyingine za kuzingatia:

- kushindwa kulala chali, ukaanza kuongeza mito
- kuamka usiku ukihema, au kikohozi kinachokuja ukilala tu
- vifundo vya miguu kuvimba jioni, soksi kuacha alama nzito
- uzito kuongezeka kilo mbili au zaidi ndani ya siku tatu, jambo ambalo ni maji, si chakula
- moyo kwenda mbio au kuruka mapigo bila sababu
- tumbo kujaa na kushiba haraka

Mtoto hasemi "nakosa pumzi". Huacha kukimbia na wenzake, hukaa pembeni, hulalamika tumbo linauma au hutapika. Watoto wa namna hii hutibiwa minyoo na vidonda vya tumbo kwa wiki kadhaa kabla mtu hajasikiliza moyo.

Maumivu ya kifua yanayobana, kuzimia, au kukosa pumzi ukiwa umekaa tu ni mambo ya dharura, usisubiri miadi.

Ukifika kwa daktari usiyemjua, anza na historia, kisha dalili. Mfano: "Daktari, mwaka 2014 nilitibiwa limfoma. Nilipata doksorubisini, jumla 300, na mionzi ya kifua. Mwezi huu siwezi kulala chali. Naomba moyo wangu uangaliwe." Sentensi hizo chache, na karatasi ya muhtasari mkononi, zitabadilisha kabisa maswali atakayokuuliza.

Hatua ya 6: Ukikutwa na udhaifu, anza dawa mapema na usiziache

Zamani iliaminika kwamba moyo ulioharibiwa na antrasaiklini haurudi. Watafiti hao wa Milan walionyesha kuwa muda ndio unaoamua: katika utafiti wao wa mwaka 2010, walioanzishiwa dawa za moyo ndani ya miezi miwili tangu kemo iishe ndio waliopona zaidi, na baada ya miezi sita hakuna aliyerudi kikamilifu. Katika ule wa 2015, asilimia 82 ya walioathirika na kutibiwa walipata nafuu, ingawa kwa wengi wao moyo haukurudi wote kama ulivyokuwa.

Dawa ni zile zile za moyo kushindwa kufanya kazi: kundi la enalaprili, kundi la karvediloli na bisoprololi, na nyingine kadiri daktari bingwa wa moyo atakavyoona. Huanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu. Kizunguzungu cha wiki za mwanzo huwafukuza wengi; mwambie daktari apunguze kasi, usizitupe. Na EF ikipanda hadi 55 si ruhusa ya kuacha, kwa sababu huenda ni dawa zenyewe zinazoishikilia pale.

Kabla ya kumeza dawa ya maumivu, jihadhari na ibuprofeni na diklofenaki. Hufanya mwili ubakize maji na chumvi, na moyo dhaifu hauupendi mzigo huo.

Hatua ya 7: Punguza mizigo mingine

Hapa sina mengi mapya. Presha wengi hulenga iwe chini ya 130/80. Sigara iachwe kabisa, pombe iwe kidogo au isiwepo. Mazoezi ni dawa: dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka, kuendesha baiskeli au kuogelea zinafaa watu wengi waliopona. Kunyanyua vyuma vizito huku umebana pumzi ni suala jingine, kunahitaji eko ya karibuni na ruhusa ya daktari kama dozi yako ilikuwa kubwa. Dawa za mitishamba unazotumia, mtajie daktari. Baadhi hugongana na dawa za moyo.

Nyakati tatu za kulitaja tena hata kama umesahau

Ujauzito. Kiasi cha damu mwilini huongezeka karibu nusu, na moyo uliokuwa unajikaza unaweza kushindwa kwa mara ya kwanza miezi ya mwisho au mara baada ya kujifungua. Mwanamke aliyepata antrasaiklini au mionzi ya kifua apime eko kabla ya kushika mimba, au angalau miezi mitatu ya kwanza, na kliniki ya wajawazito iandike jambo hilo kwenye kadi. Wengi hujifungua salama wakifuatiliwa.

Upasuaji. Mtaalamu wa dawa za usingizi anapaswa kujua, hata kama ni upasuaji mdogo na ulitibiwa saratani utotoni.

Saratani kurudi, au kupata nyingine. Kabla ya dripu ya kwanza toa karatasi yenye dozi ya jumla, ili daktari ajue nafasi iliyobaki na kama kuna dawa mbadala.

Kwa wazazi kuna jambo moja la ziada. Mtoto aliyetibiwa akiwa na miaka minne hatakumbuka jina la dawa hata moja akifika ishirini, na huenda kwa nia njema mliamua kutolizungumzia tena. Kabla hajaondoka nyumbani kwenda chuo au kazini, mweleze alitibiwa nini, mpe nakala ya muhtasari, na mwende pamoja kwenye eko moja ambayo yeye mwenyewe ndiye atakayejibu maswali ya daktari.